Kiti cha Rangi Mbichi

"Shikamoo, bibi. Hajaja."

Mlinzi wa getini aliyasema yote mawili kwa pumzi moja, hata mkoba sijautua.

"Marahaba. Nani kakuuliza habari za mtu?"

"Shingo yako, bibi. Imeshaingia ndani, wewe bado uko nje."

Nilichukua kalamu. Pale kwenye bustani ya miti kila anayeingia huandika kwenye kitabu kikubwa cha wageni: jina, namba ya simu, saa ya kuingia na sababu ya kuja. Ukitoka unaandika maoni. Kwenye sababu mimi huandika neno moja tu, kupumzika. Lakini Jumatano hiyo ilikuwa ya nne bila yeye, na mkono ukawa mzito. Kupumzika kutoka kwenye nini, mtu ambaye kutwa nzima hakuna anayeniagiza hata kijiko?

Nikaandika hivyo hivyo, nikaingia.

Huyo ambaye hajaja alikuwa fundi saa mstaafu. Mimi nilishona sare za shule miaka thelathini na mbili, mpaka magoti yakagoma kukanyaga cherehani. Jumatano wazee tunaingia bure, ndiyo maana wote wawili tulichagua siku hiyo. Bustani ile haina watu. Kuna miti yenye vibao, njia za kokoto, na nyuma ya ukuta kuna bahari ambayo huioni, unaisikia tu ikijisogeza. Chumvi inakula maandishi ya vibao, wafanyakazi wanayaandika upya, chumvi inarudi.

Siku ya kwanza alinikuta nimekaa chini ya mdalasini. Akasimama mbele yangu akauliza, "Kiti hiki kina mtu?"

Mimi nipo, nimekaa, nimevaa nguo ya njano inayoonekana mpaka ng'ambo ya barabara. Nikajua huyu ni mtu wa utani.

"Kina nusu mtu," nikamwambia. "Nusu nyingine ilibaki nyumbani inaosha vyombo."

Akacheka, akakipapasa kiti kwa mkono, akakaa. Nikaona ni mstaarabu, anapangusa vumbi kwanza.

"Unapenda vitendawili?" nikamuuliza, maana kimya cha wageni wawili kinanikera.

"Tega."

"Nina jicho moja, sioni, na njia sipotei."

Akacheka, kicheko kirefu kuliko kitendawili chenyewe. "Sindano," akasema. Na tangu siku hiyo hakuniita jina jingine. Mimi nikamwita Fundi Saa.

Mnajua mchezo wetu wa vitendawili: ukishindwa kutegua, unamwambia aliyetega akudai mji, unampa, ndipo anakutegulia. Sisi wazee wawili tungetoa wapi miji? Tukapeana miti ya bustani. Na jibu halikutolewa siku ile ile, lilisubiri Jumatano. Sheria hiyo ilikuwa yake. Nilijua kwa nini kaiweka, na nikaipenda kimyakimya.

"Nimeshindwa," nikimwambia. "Chukua mti."

"Upi? Nisomee kibao chake."

Nasimama, nasogea, nasoma zile herufi za kitaalamu moja moja, elimu yangu ya msingi inatoka jasho. "Ki-na-mo-mu-mu. Sijui mumu gani."

"Soma tena. Sauti yako inaufaa."

Miezi saba. Nilikuwa na miti kumi na minne, yeye kumi na mmoja.

Halafu ikaja Jumatano ile aliyokuja amenyoa ndevu vizuri, na koti lake la kijivu, koti lake la pekee, limepigwa pasi.

"Sindano, kitendawili."

"Tega."

"Viti viwili vilinunuliwa siku moja. Kimoja kimechakaa, kingine bado kipya."

Nilikijua kabla hajamaliza. Mke wake alifariki miaka sita nyuma. Nami mume wangu ana miaka kumi na moja kaburini, na upande wake wa kitanda godoro halijabonyea.

"Nikupe mti?" nikasema.

"Leo usinipe mti. Niletee jibu Jumatano. Ukinipa mti, nitajua hapana, na sitakuuliza tena. Tutaendelea kukaa hapa tu."

Wiki hiyo nilishona. Kwa mkono, magoti hayakuhusika. Nilijishonea blauzi ya bluu, na jibu nikalifanyia mazoezi mbele ya kabati.

Jumatano nilipofika, kiti chetu kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani, na karatasi imebandikwa: RANGI MBICHI. Nikakaa kiti cha ng'ambo ya njia. Hatua kumi, si zaidi. Nikamwona anakuja. Nikainua mkono.

Akanipita.

Alinipita hivi, jicho kwa jicho, uso umetulia kabisa. Akaenda akakaa kwenye kiti chenye rangi. Karatasi iko pale pale, herufi kama ngumi. Akakaa, akageukia pale ninapokaa siku zote, akasema taratibu, "Sindano, upo?"

Mimi nikanyamaza.

Nilidhani ananikejeli. Nilijiambia, amejuta yale aliyoyasema, sasa anayageuza mzaha ili nisimjibu. Akauliza tena. Nikaangalia mikono yangu. Alikaa saa nzima na nusu. Alipoinuka, mgongoni mwa koti kulikuwa na mistari mitatu ya kijani, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kuiona.

Hakuja tena.

Basi Jumatano hiyo ya nne nilikaa mpaka kiti kikaniumiza, nikarudi getini mapema.

"Nipe kitabu," nikamwambia mlinzi. "Kurasa za nyuma."

"Bibi, kitabu cha serikali si gazeti."

"Mwanangu, nakuomba."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alivua kofia, akakisukuma mezani. Nikatafuta Jumatano zetu moja moja. Mbele ya jina lake, kwenye sababu ya kuja: *Kutembea.* Wiki iliyofuata: *Kutegua.* Kisha: *Kumsikiliza mtu.* Tena: *Kumsikiliza mtu.* Na ile Jumatano ya rangi: *Kupewa jibu.* Kwenye maoni ya siku hiyo: *Bustani ni nzuri. Leo sikumpata.*

Nikasoma mara tatu. Kisha nikaona jambo jingine.

"Mbona mwandiko huu ni wako?"

"Ananitajia, mimi naandika."

"Hajui kuandika? Fundi saa mzima?"

Mlinzi alinitazama kama mtu anayetaka kujua kama namtania. "Bibi. Yule mzee haoni. Ana mtoto wa jicho, yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, basi. Kutoka hapa mpaka kitini kwenu ni hatua mia mbili na kumi na mbili, anazihesabu, ndiyo maana ukimsalimia njiani anakasirika. Nilidhani unajua. Mmekaa miezi saba kiti kimoja."

Nikakaa kwenye kigoda chake bila kukaribishwa. *Kiti hiki kina mtu? Nisomee kibao chake.* Mkono unaopapasa kiti. Na kile kicheko kirefu cha jicho lisiloona na njia lisilopotea. Yote yalikuwa mbele yangu, na mwenye kuona nilikuwa mimi.

"Alipotoka siku ile aliniuliza kama ulikuja," mlinzi akaendelea. "Nikamwambia uliingia, bado umo. Akasimama pale mlangoni muda mrefu. Kisha akaniomba namba yako. Hairuhusiwi, lakini nilimsomea. Unisamehe."

"Hajanipigia."

"Hajakupigia? Alisema atapiga usiku huo huo. Mimi nikadhani mmeongea, ukamkataa. Mtu akimkataa mwenzake, mimi na kofia hii naingilia vipi? Hebu lete simu."

Akaingiza namba ya Fundi Saa kutoka kitabuni. Akakunja uso. "Bibi, simu yako inasema namba hii umeizuia."

"Nimeizuia mimi? Mimi siwezi kuzuia hata maziwa yasimwagike jikoni."

Akabonyeza huku na huku. Zilikuwepo, zimefungiwa mahali pao kama nguo za mtu aliyesafiri. Simu saba zilizokataliwa. Jumbe nne. Akanisomea ule wa kwanza, kisha akanipa nisome mwenyewe.

*Sindano, ni mimi Fundi Saa, anayeandika ni binti yangu. Mlinzi anasema ulikuwemo. Labda tulipishana.*

*Nimepiga tena. Haipokelewi. Yule kijana wa mwanzo alisema hapo hakuna mtu wa jina hilo.*

*Kama jibu ni hapana, nitumie jina la mti wowote. Nitaelewa.*

Na wa mwisho, wa siku tisa nyuma:

*Daktari wa macho alinipa tarehe ya operesheni. Nimemwambia asubiri. Sijui nataka kwenda kuona nini.*

Jioni hiyo nyumbani tulikaa mezani kama kawaida. Mwanangu, ambaye anauza betri za magari, simu mkono wa kushoto, kijiko mkono wa kulia. Mkwe wangu vivyo hivyo.

"Mwanangu, kuzuia namba ya simu kunafanywaje?"

"Kwani nani anakusumbua, mama?"

"Hakuna anayenisumbua. Hilo ndilo tatizo langu, mwezi mzima sasa."

Akainua kichwa. Nikamsogezea simu. Alipoiona ile namba, rangi ya uso ikabadilika kidogo.

"Ah. Huyu ni tapeli, mama. Alipiga ukiwa bafuni. Anasema anamtaka Sindano. Nikamwambia hapa hakuna Sindano. Akapiga tena, anasema yule bibi wa vitendawili. Nikajua ndio wale wale, wanaanza na chemsha bongo, wanamaliza na umeshinda zawadi, tutumie namba ya siri."

"Ukaizuia."

"Nilikuwa nakulinda."

"Na hukuniambia."

"Sikutaka uogope."

"Sasa nimeogopa kitu kingine, mwanangu. Mwezi mzima nimeogopa kwamba hata mtu wa bustanini amechoka nami."

Mkwe wangu aliweka kijiko chini. "Mama, Sindano ni nani?"

"Ni mimi."

Mle nyumbani nina jina la mama na jina la bibi, basi. Hawakuwahi kufikiri kwamba huko nje ninaweza kuwa na la kwangu.

"Mama," mwanangu alisema, sauti imeshuka, "una miaka sitini na minane. Unatafuta nini huko?"

"Mtu wa kuniambia tega. Humu ndani nikisema kitendawili mnaniambia subiri kwanza. Piga hiyo namba. Weka sauti kubwa. Na uanze wewe."

Akaizuia namba kwa kinyume, yaani akaifungulia, akapiga. Iliita mara nne.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni yule kijana wa ile simu. Nilikosea, naomba radhi. Sindano yupo. Ni mama yangu."

"Marahaba," sauti ikasema. "Yupo karibu?"

"Nipo," nikasema.

"Sindano. Basi jibu lilikuwa kwa huyu kijana muda wote huu?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Mwanangu ameshajitwika lawama, mzee anacheka, yamekwisha. Hakuna ambaye angejua. Lakini ningekaa naye vipi kiti kimoja, mimi namwona na yeye hanioni, na lile liko kati yetu?

"Fundi, siku ile nilikuwepo. Kiti chetu kilikuwa na rangi mbichi. Nilikaa ng'ambo ya njia. Hatua kumi."

Nikaendelea.

"Sikujua kuhusu macho yako. Nilidhani umeniona ukanipita."

"Nilikuita," akasema.

"Uliniita."

"Mara mbili. Ulisikia?"

Mwanangu alikuwa ananikonyeza nikatae. Nikafumba macho nisimwone.

"Nilisikia."

"Na rangi je? Uliona ninapokaa?"

"Niliona."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nyuma yake saa zilikuwa zinagonga, nyingi, hazifuatani. "Nilisikia harufu," akasema mwishowe, "nikadhani wamepaka ukuta. Njia nzima ya kurudi watu walikuwa wananipisha. Nikadhani ni heshima."

Kisha simu ikakatika.

"Labda ni mtandao," mwanangu akasema.

"Si mtandao. Maliza chakula chako."

Wiki hiyo sikushona kitu. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Mwanangu alikuja kusimama mlangoni kwangu mara mbili, mara ya tatu akaniambia, "Tega basi," nikamtegea kimoja chepesi, akashindwa, na hakujua kwamba anapaswa kunipa mji. Nikamwacha.

Jumatano alinipeleka hadi getini kwa gari lake la kubebea betri.

"Nikusubiri?"

"Nenda kazini. Asipokuja nitajua mwenyewe cha kufanya na miguu yangu."

Mlinzi alinipokea bila kusema hajaja wala amekuja. Kwenye sababu ya kuja niliacha wazi, naye hakunidai.

Kiti chetu kilikuwa kijani cha kung'aa. Kwenye egemeo, pale katikati, kulikuwa na alama, kama ukurasa uliofutwa: mahali koti lilipochukua rangi. Wafanyakazi hawakuipaka upya. Nikakaa kando ya alama ile, sikuifunika. Saa nne ikafika. Bahari ikajisogeza nyuma ya ukuta. Saa nne na nusu. Mtunza miche alipita na toroli, akanisalimia, akaenda zake. Saa tano nikaanza kutafuta mti wa kumtumia kwenye ujumbe, mti mzuri wa kuagana.

Kisha nikasikia kitu ambacho sikukizoea. Tok. Tok. Tok. Fimbo juu ya kokoto.

Alikuwa na fimbo nyeupe. Miezi saba aliificha, leo ameishika mbele kama mtu anayepeleka barua. Na alivaa koti lile lile, mistari mitatu mgongoni, nikaiona alipokosea kona kidogo akageuka. Nilitaka kusema, njoo kushoto. Nikakumbuka anahesabu. Nikasubiri.

Fimbo ikagusa mguu wa kiti.

"Kiti hiki kina mtu?"

"Kina nusu mtu."

Hakucheka. Akapapasa, akakaa, akaacha nafasi ya mtu mzima kati yetu.

"Wiki nzima nimejiuliza kitu kimoja," akasema. "Rangi nimesamehe, binti yangu amecheka mpaka na mimi nikacheka. Lakini niliita. Kwa nini?"

"Kwa sababu kila mtu ananipita, Fundi. Nyumbani wananipita wakienda kwenye friji. Njiani wananipita. Nimezoea. Wewe ulipopita nikakuhesabu nao, tena nikakuchukia kuliko wote, kwa sababu wewe pekee nilikuwa nimekushonea blauzi."

"Ya rangi gani?"

"Bluu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeweka kitu mfukoni. "Na mimi nilikuficha macho," akasema. "Fundi saa asiyeona ni nani? Niliacha kazi siku nilipodondosha skrubu ya saa ya mteja nikaipapasa sakafuni asubuhi nzima. Hapa kitini nilikuwa bado mzima. Wewe unasoma, mimi nasikiliza, hakuna anayenihurumia. Ningekuambia, ungenihurumia."

"Ningekuambia usikae kwenye rangi."

Hapo ndipo alipocheka. Kidogo, kwa pua, lakini kilikuwa kicheko.

Nikasogea. Alama ya koti ikawa mgongoni mwangu.

"Jibu langu unalitaka bado, au nikupe mti?"

"Nimekuja kwa miguu yangu, Sindano. Sema."

"Kile kiti kipya ni cha mtu ambaye hajafika."

"Sahihi," akasema. "Na anafika lini?"

"Baada ya operesheni. Mpigie daktari leo, mimi nikiwa hapa nasikia."

"Nikikuona nikaghairi je?"

"Basi utakuwa umeona. Na mimi sitakuwa na mtu wa kuvaa mbele yake nguo mbovu."

Alitoa simu, akampigia binti yake, akamwambia atafute ile tarehe. Nilimsikia binti akiuliza, "Baba, umepata nini cha kuona?" Akajibu, "Blauzi." Akakata.

Tukakaa. Mkono wake ulikuwa kitini kati yetu, nikaweka wangu juu yake, na hakuna aliyetega kitu kwa muda.

"Bado unadaiwa," akasema hatimaye. "Ile Jumatano uliyoninyamazia. Nataka mti."

"Chukua huu tulio chini yake."

"Nisomee."

Nikasimama, nikasoma, herufi moja moja, polepole kuliko siku zote.

Getini mlinzi alikuwa ameshafungua kitabu. Mbele ya jina la Fundi Saa alikuwa amemwandikia sababu ya kuja: *Kudai.*

"Na maoni, mzee?"

"Leo andika wewe, Sindano," akasema.

Kwanza nikarudi kwenye nafasi yangu iliyokuwa wazi, kwenye sababu nikaandika *Kujibu.* Kisha nikaandika maoni yetu wote wawili, kwa mwandiko wangu wa darasa la saba:

*Rangi imekauka. Kiti kinakaa wawili.*